Kabla ya Juni: Bajeti ya Kaunti na Haki ya Mwananchi Kupashwa Habari

Mwezi wa Mei ukifika, magazeti ya Kenya hujaa matangazo yanayofanana. Juu pana nembo ya bunge la kaunti. Chini yake, kwa Kiingereza na kwa herufi ndogo za kuumiza macho, wananchi huarifiwa kwamba kamati ya bajeti inapokea maoni kuhusu makadirio ya mwaka wa fedha unaoanza Julai. Hufuata jedwali la vituo: ukumbi wa wadi hii Jumanne saa nne asubuhi, shule ya msingi ya wadi jirani siku hiyohiyo saa nane mchana. Mwisho hutajwa tovuti ambamo kitabu cha bajeti kimewekwa, na karani wa bunge hutia sahihi. Si ajabu tangazo likatoka wiki ileile ya kikao.

Anayefika hukuta viti vya plastiki vimepangwa na daftari la mahudhurio likipita mkono kwa mkono: jina, nambari ya kitambulisho, simu, sahihi. Afisa wa fedha husoma takwimu kwa kasi ya mtu anayejua kwamba saa nane anangojwa kwingine. Kisha hadhira hupewa nafasi. Mzee ananyanyuka kulalamikia mashimo ya barabara kuu. Anaambiwa hiyo ni ya serikali ya kitaifa. Mama anauliza kwa nini zahanati haina dawa. Anajibiwa kwamba swali lake limeandikwa. Kijana anataka kujua basari ya shule ya upili itatoka lini. Mwakilishi wadi anawashukuru wote kwa kuja, na daftari linarudi mjini, ambako litaambatishwa kwenye ripoti kuwa ushahidi kwamba umma ulishirikishwa.

Huenda hakuna aliyesema uongo katika kikao hicho. Kasoro iko kwenye tarehe. Kumwita mwananchi mwezi wa Mei ni kama kumuuliza mgeni angependa mboga gani huku sufuria imeshaepuliwa. Makala haya yanashikilia kwamba maradhi makubwa ya bajeti za kaunti si uchache wa mikutano. Mikutano ipo, tena mingine ina soda. Maradhi ni habari kufika kwa kuchelewa, zikiwa katika umbo ambalo mkazi hawezi kulilinganisha na kitu anachokiona kijijini kwake.

Kalenda yenyewe si siri. Imo katika Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, na kila kaunti kati ya zote 47 inafungwa nayo. Kufikia tarehe 30 Agosti, waziri wa fedha wa kaunti hutoa waraka wa kuanzisha safari ya bajeti. Kufikia tarehe 1 Septemba, mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata huwa umewasilishwa bungeni, na sheria inataka uchapishwe ndani ya siku 7 baada ya hapo. Mwisho wa Septemba huandaliwa tathmini ya jinsi fedha za mwaka uliopita zilivyotumika. Kufikia tarehe 28 Februari hufika bungeni waraka wa mkakati wa fedha. Makadirio yenyewe huwasilishwa kufikia tarehe 30 Aprili na kupitishwa kabla ya Juni kwisha. Baada ya sheria ya matumizi kupita, bunge lina siku 90 za kupitisha Mswada wa Fedha, ambao ndio hupanga ada za soko, leseni za biashara na maegesho.

Katika orodha hiyo, tarehe mbili zina uzito kuliko zote, na ndizo zinazotangazwa kwa sauti ya chini kabisa.

Ya kwanza ni Septemba 1. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inasema kwamba fedha za umma hazitatengwa nje ya mipango ya kaunti. Kwa hiyo kisima ambacho hakimo katika Mpango Jumuishi wa Maendeleo wa miaka 5, wala katika mpango wa mwaka, hakina njia halali ya kuingia katika bajeti, hata ukumbi mzima ukikipigia makofi mwezi wa Mei. Mipango jumuishi imekwisha kutungwa mara tatu: wa 2013 hadi 2017, wa 2018 hadi 2022, na huu wa 2023 hadi 2027. Mkazi wa Lunga Lunga au wa Lodwar akiulizwa nini kimeandikwa kuhusu kata yake katika mpango huu wa tatu, ni wachache watakaojibu, na si kosa lao.

Ya pili ni Februari 28. Waraka wa mkakati wa fedha ndio huweka viwango vya juu vya matumizi kwa kila idara. Swali kubwa la siasa za kaunti, yaani afya ipate kiasi gani mbele ya barabara, maji mbele ya ofisi za gavana, kilimo mbele ya safari za wawakilishi, hujibiwa hapo. Bunge lina siku 14 za kuujadili. Waraka ukishapita, mjadala wa Mei hubaki kuwa wa kugawana kilichomo ndani ya fungu ambalo ukubwa wake umeshaamuliwa. Wawakilishi wenyewe hawawezi tu kuongeza fungu moja. Sheria inawataka wapunguze kwingine kwa kiasi kilekile. Watu wanaojua jambo hili, wakiwemo wakandarasi na wapambe wa wanasiasa, hawasubiri Mei.

Ushirikishaji haukuanza na ugatuzi. Mabaraza ya zamani, ya miji na ya wilaya, yalianza kupata mgao kutoka serikali kuu kupitia mfuko wa LATF mwaka wa 1999, na kuanzia 2001 yakatakiwa kuandaa mpango wa huduma uliojulikana kama LASDAP kwa kushauriana na wakazi. Mpango ulikuwa masharti ya kupata fedha, na mengi ya mabaraza hayo yaliuandaa kwa moyo huohuo wa kutimiza masharti. Urithi huo wa kuita watu ili fomu ijazwe ndio kaunti ziliupokea zilipoanza kazi baada ya uchaguzi wa Machi 4, 2013.

Kilichobadilika ni msingi wa kisheria. Katiba iliyozinduliwa Agosti 27, 2010 iliweka ushirikishaji wa umma miongoni mwa maadili ya taifa katika kifungu cha 10. Ikaurudia katika kifungu cha 201 kinachohusu fedha za umma, na tena katika cha 196 kinachoyataka mabunge ya kaunti yafanye kazi hadharani. Kifungu cha 35 kikampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya Serikali za Kaunti ikaenda mbali zaidi na kutaja njia za kuwapasha watu habari: televisheni, vituo vya teknolojia, tovuti, redio za jamii, mikutano ya hadhara na njia za jadi. Kisha ikaziagiza kaunti kutoa elimu ya uraia. Karatasi haijawahi kukosa kitu.

Kesi ya Kiambu ndiyo iliyoonyesha kwamba karatasi hiyo ina meno. Kaunti hiyo ilipitisha Sheria ya Fedha ya 2013, ada zikapanda, wakazi wakaenda mahakamani wakidai hawakushirikishwa. Kaunti ilijitetea kwa tangazo la gazetini na kwa vikao ilivyodai kuvifanya. Mwaka wa 2014 Jaji George Odunga wa Mahakama Kuu aliifuta sheria hiyo yote. Uamuzi wake unafaa kusomwa na kila karani wa bunge la kaunti, kwa kuwa haukuishia kusema kwamba tangazo halikutosha. Alieleza kaunti ilipaswa kwenda wapi: makanisani, misikitini, kwenye mahekalu, kwenye mabaraza, katika redio za kitaifa na zile za lugha za mama. Kuweka ujumbe mfupi mtandaoni na kuwaachia wenye hamu wautafute, alisema, si kushirikisha umma. Kwa maneno mengine, mzigo wa kufikisha habari ni wa serikali. Mkazi hana wajibu wa kuzisaka.

Miaka zaidi ya kumi imepita, na kaunti nyingi bado huanza na gazeti na kumalizia na tovuti. Mkulima wa Kitui husikiliza Musyi FM kwa Kikamba, mvuvi wa Malindi hufungulia Pwani FM, na wote wawili hukutana na chifu, imamu au mchungaji wao mara nyingi kuliko wanavyokutana na gazeti. Katiba imekifanya Kiswahili lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Hata hivyo, kitabu cha bajeti huandikwa kwa Kiingereza, na Kiingereza chenyewe ni cha wahasibu.

Kitabu hicho kinastahili kufunguliwa. Kina mamia ya kurasa, kimepangwa kwa idara, programu na programu ndogo, na ndani ya kila moja mna misimbo ya tarakimu saba. Mkazi anayetafuta zahanati ya kijiji chake huweza kukutana na msitari wa 3110202, majengo yasiyo ya makazi, na mbele yake jumla moja ya fedha kwa idara nzima. Zahanati yake huenda imo humo. Huenda haimo. Haiwezekani kujua, kwa sababu msitari hautaji kijiji, wadi wala jengo. Afisa atasema orodha ya miradi ipo katika kiambatisho, na kiambatisho ndicho hukosekana kwenye tovuti. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma inamtaka waziri wa fedha wa kaunti ahakikishe makadirio yaliyopitishwa yanachapishwa kwa namna iliyo wazi na rahisi kueleweka na watu wa kawaida. Ndipo yalipozaliwa yale makaratasi yaitwayo bajeti ya mwananchi: kurasa chache, picha, duara lililogawanywa kwa rangi. Ni hatua njema, ila duara la rangi humwambia mtu kwamba afya imepata robo ya fedha, wakati alichotaka kujua ni kama zahanati yake itapata mlango.

Mizani ya habari hizi haifuati utajiri wa kaunti. Shirika la International Budget Partnership lilipokagua ni nyaraka zipi za bajeti kaunti zinaweka hadharani na kwa undani gani, West Pokot, kaunti ya wafugaji isiyo na mapato ya Nairobi wala bandari ya Mombasa, ilikuwa mbele ya zote katika utafiti wa 2022. Jirani yake Elgeyo Marakwet iliwahi kutunga sheria, mwaka wa 2015, ya jinsi fedha za maendeleo zinavyogawanywa kati ya wadi zake 20, ili mgao usitegemee nani anakula chai na gavana. Kuweka faili kwenye tovuti hakugharimu pesa nyingi. Kinachohitajika ni mtu mwenye amri kuamua kwamba nyaraka zionekane.

Makueni ndiyo kaunti inayotajwa kila mara, na haina budi kutajwa hapa pia, lakini si kwa sababu zile za kawaida. Husifiwa kana kwamba ilizaliwa na nidhamu. Ukweli ni kwamba ilianza kwa vurugu. Gavana wa kwanza, Profesa Kivutha Kibwana, mwanasheria wa katiba, aliingia madarakani 2013 akakuta bunge lisilopatana naye kuhusu bajeti: wawakilishi wakitaka zaidi kwa shughuli zao, serikali ya gavana ikitaka zaidi kwa miradi. Fedha zilikwama. Septemba 2014 ugomvi ulifika kwenye milio ya risasi mjini Wote, watu wakajeruhiwa. Makumi ya maelfu ya wapiga kura walitia sahihi ombi la kuivunja kaunti nzima, gavana na wawakilishi kwa pamoja, kwa kutumia kifungu cha 192 cha Katiba. Tume iliyoongozwa na wakili Mohamed Nyaoga ilisikiliza pande zote na kupendekeza kaunti isimamishwe. Rais Uhuru Kenyatta alikataa mwaka wa 2015, pande zikalazimika kuishi pamoja.

Ombi lile la sahihi lilikuwa shule. Watu waliosimama kwenye foleni ili kuifuta serikali yao walikuwa wameshajifunza kwamba bajeti ni jambo lao, na Kibwana alikuwa na akili ya kuligeuza joto hilo kuwa utaratibu. Makueni ina wadi 30 na kaunti ndogo 6, lakini mashauriano hayakuanzia kwenye wadi. Yalianzia kijijini, yakapanda hadi kundi la vijiji, kisha nusu ya wadi, wadi, kaunti ndogo, hadi kikao cha kaunti. Katika kila ngazi watu walichagua wawakilishi wa kupeleka vipaumbele vyao juu. Vijana, wanawake, watu wenye ulemavu, wataalamu, hata Wamakueni wanaoishi nje ya kaunti, walikuwa na vikao vyao. Kabla ya kuulizwa wanataka nini, watu walielezwa kwanza kaunti ina kiasi gani na kazi zake ni zipi. Mpangilio huo wa elimu kwanza, maoni baadaye, ndio siri ya Makueni, na kaunti zilizokwenda kujifunza Wote mara nyingi zilirudi na ngazi sita bila hiyo elimu.

Jambo la pili ambalo halisemwi vya kutosha ni kamati za mradi. Mradi ukishapitishwa, wakazi wa pale unapojengwa walichagua kamati ya kuusimamia, na mkandarasi hakulipwa bila kamati hiyo kuridhika na kutia sahihi. Hapo ndipo habari zilipogeuka nguvu. Kamati ilipaswa kujua mkataba unasema nini: darasa lina madirisha mangapi, tangi la maji ni la lita ngapi, saruji ni ya uwiano gani. Mwanakijiji mwenye karatasi hiyo mkononi, akisimama mbele ya ukuta uliopasuka, hahitaji hotuba ya gavana kumweleza uwajibikaji ni nini. Mfumo huo haukumaliza malalamiko. Kamati nyingine ziligombana, nyingine zilizoea kutia sahihi bila kutazama. Lakini uliweka mahali pa kulalamikia, tena mahali pa karibu.

Huduma nazo zilinufaika. Mpango wa MakueniCare, ulioanza 2016, uliwataka wanafamilia walipe shilingi 500 kwa mwaka kwa kaya nzima ili watibiwe katika hospitali za kaunti bila kutozwa tena. Mpango wa namna hiyo unakufa kama watu hawajui upo, na uliishi kwa kuwa njia zilezile za vijijini zilizokusanya maoni ya bajeti zilikuwa pia njia za kupeleka habari chini.

Kwingineko hali ni tofauti. Tangu Juni 1, 2013, Rais alipotangaza Siku ya Madaraka kwamba ada zimeondolewa katika zahanati na vituo vya afya vya umma na kwamba kujifungua ni bure, wagonjwa wameendelea kutozwa hapa na pale, kwa kuwa ubaoni hapakuandikwa kipi ni bure. Mkataba wa huduma, lile bango linalotundikwa mlangoni likitaja huduma, masharti, gharama na muda wa kungoja, ni mojawapo ya uvumbuzi bora wa utumishi wa umma nchini Kenya. Linasaidia sana linapokuwa limeandikwa kwa lugha ya wagonjwa na kusahihishwa masharti yanapobadilika. Baada ya bima ya afya ya SHA kuchukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, mabango ya zamani yalibaki ukutani katika vituo vingi, na aliyeyaamini alipoteza siku.

Utata wa nani anafanya nini ndio hula muda mwingi wa vikao. Jedwali la Nne la Katiba linagawa kazi: kaunti zina hospitali zake na zahanati, chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, kilimo, masoko, maji, taa za barabarani, zimamoto na barabara za kaunti. Serikali ya kitaifa ina shule za msingi na za upili, vyuo vikuu, polisi, hospitali kuu za rufaa na barabara kuu. Ni orodha fupi. Ingetosha kwenye upande mmoja wa karatasi na kubandikwa kwenye kila soko. Haibandikwi, labda kwa sababu giza lina faida zake. Gavana hutaka sifa za basari, mbunge hutaka sifa za barabara ya mashinani, na lawama hupasiwa yeyote ambaye hayupo mkutanoni.

Basari ni mfano mzuri. Kwale ilijijengea jina kupitia mpango wake wa Elimu ni Sasa enzi za Gavana Salim Mvurya, na watoto wengi wa maskini walisoma kwa fedha hizo. Elimu ya sekondari hata hivyo ni kazi ya serikali ya kitaifa. Januari 2025 Mdhibiti wa Bajeti, Margaret Nyakang'o, alitoa waraka wa kuzuia kaunti kulipa basari bila makubaliano rasmi na serikali ya kitaifa, na mahakama ikausimamisha waraka huo kwa muda. Wazazi waliopanga foleni kwenye ofisi za wadi wiki hiyo hawakuwa wamewahi kuambiwa kwamba fedha walizokuwa wakizitegemea zinasimama juu ya ardhi ya mgogoro. Vivyo hivyo kwa barabara: mvutano wa magavana na wabunge kuhusu shilingi bilioni 10.5 za ushuru wa matengenezo ya barabara uliendeshwa Nairobi na mahakamani, huku mkazi akizunguka kati ya ofisi akiulizia shimo moja.

Pengo kubwa zaidi liko baada ya bajeti kupita. Juni watu huambiwa kaunti imetenga fedha za mradi fulani. Kisha Hazina ya Kitaifa huchelewesha mgao, wakati mwingine kwa miezi, makusanyo ya ndani hayafikii lengo, na kaunti huandaa bajeti ya nyongeza. Humo ndimo miradi hupotelea. Bajeti kuu ilikuwa na matangazo na vikao. Ya nyongeza mara nyingi hupita kimyakimya, na mwanakijiji huendelea kungojea mradi ambao jina lake liliondolewa Februari. Mwaka wa 2024 ulitoa somo la wazi. Kaunti zilikuwa zimepangiwa mgao wa shilingi bilioni 400.1. Baada ya maandamano na Mswada wa Fedha wa kitaifa kuondolewa mwezi wa Juni, mgao ulipunguzwa, na baada ya mvutano kati ya Seneti na Bunge la Taifa ukakubaliwa kuwa bilioni 387.4. Kila kaunti ilipaswa kukata mahali. Kuwaeleza wakazi ni wapi palipokatwa, mradi kwa mradi, kulihitaji karatasi moja kwa kila wadi. Nchi ina wadi 1,450. Kazi hiyo inawezekana.

Madeni nayo yasiachwe kando. Ripoti za Mdhibiti wa Bajeti zimeonyesha kaunti zikidaiwa na wakandarasi na wauzaji bidhaa zaidi ya shilingi bilioni 150. Maana yake mijini ni rahisi kuiona: fundi aliyeezeka darasa la chekechea miaka mitatu iliyopita bado anafuatilia malipo yake, na fedha za mradi mpya zinaliwa na deni la mradi wa zamani. Mkazi asiyejua ukubwa wa deni la kaunti yake huomba barabara mpya kwa nia njema kabisa, na mwanasiasa anayejua humwahidi.

Sheria iliunda chombo cha kusaidia: Jukwaa la Bajeti na Uchumi la Kaunti, lenye wawakilishi wa wafanyabiashara, wataalamu, wafanyakazi, wanawake, wazee, watu wenye ulemavu na makundi ya dini, idadi yao ikilingana na ile ya maafisa wa serikali. Wazo ni zuri, lakini mwenyekiti wake ni gavana, yaani yule anayepaswa kushauriwa. Kaunti kadhaa zilichelewa kuliunda, na nyingine huliita likatie baraka nyaraka zilizokwisha kuchapishwa. Mwenyekiti angekuwa mtu mwingine, huenda mikutano ingefanyika Januari.

Ng'ambo ya mpaka kuna desturi ambayo Wakenya wangeweza kuiazima. Tanzania haina ugatuzi wa kikatiba wa aina ya Kenya, na halmashauri zake hutegemea sana serikali kuu, lakini kijiji ni mamlaka kisheria. Mkutano mkuu wa kijiji, wenye kila mkazi aliyefikisha miaka 18, hupaswa kuitishwa kila miezi mitatu, na mojawapo ya ajenda zake ni kusomewa mapato na matumizi. Viko vijiji ambako mkutano haujaitwa kwa mwaka mzima, na wanakijiji wakilalamika jambo la kwanza wanalolitaja ni hilo: hatujasomewa. Kwa Kenya, Sheria ya Serikali za Kaunti ilitambua kijiji na baraza lake, lakini kaunti nyingi ziliishia kwenye msimamizi wa wadi. Kusomewa mapato na matumizi mara nne kwa mwaka, katika kijiji, kungezidi vikao vya Mei mara nyingi.

Yapo mambo ambayo kaunti zingeweza kuyafanya mwaka huu bila kungoja sheria mpya. Orodha ya miradi ya kila wadi, ikiwa na mahali, kiasi na hatua iliyofikiwa, ibandikwe sokoni, kwenye ofisi ya chifu na kwenye zahanati, na ibadilishwe kila robo ya mwaka, maana sheria tayari inadai ripoti za robo mwaka. Vikao vya maoni vihamishiwe Agosti na Februari. Muhtasari wa kila kikao urudi kwa waliohudhuria ukieleza ni ombi lipi lilikubaliwa, lipi lilikataliwa na kwa nini. La mwisho hili ndilo gumu kuliko yote, kwa kuwa linamlazimu mkubwa aandike neno "hapana" na atie sahihi chini yake.

Mwananchi naye ana njia zake. Mdhibiti wa Bajeti huchapisha ripoti za utekelezaji kwa kila kaunti, na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu huchapisha za ukaguzi. Zote huonyesha tofauti kati ya kilichoahidiwa na kilichotumika. Yeyote anaweza kulipelekea bunge la kaunti ombi la maandishi. Na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 imempa raia haki ya kuandika barua kwa ofisi yoyote ya umma na kujibiwa ndani ya siku 21.

Kwa hiyo msomaji asingoje tangazo la Mei. Mpango wa maendeleo wa mwaka ujao utafika bungeni kufikia Septemba 1. Aandike barua mwezi huo kwa karani wa bunge la kaunti yake, kwa Kiswahili au Kiingereza, aombe nakala ya mpango na orodha ya miradi ya wadi yake. Halazimiki kueleza anaitakia nini. Atalipia gharama ya kutoa nakala tu. Asipojibiwa, apeleke malalamiko kwa Tume ya Haki za Kiutawala, maarufu kama Ombudsman, ambayo sheria imeipa uwezo wa kuiamuru ofisi itoe habari hizo.